Maji na Marisau

Watu wa Mlimba huuhesabu mwaka kwa maji. Mvua za kwanza hunyesha mwishoni mwa Novemba, hutulia kidogo, kisha hurudi kwa nguvu mwezi wa Machi. Na ifikapo Aprili bonde la Kilombero, kuanzia miguuni mwa milima ya Udzungwa hadi upande wa Mahenge, huwa limegeuka bahari ya nyasi, yenye kina cha goti hapa na kina cha mtu pale. Mito ya Mnyera, Ruhuji, Mpanga na Kihansi huteremka kutoka nyanda za juu na kumwaga bondeni yote iliyoyazoa njiani. Maji hayo huleta mpunga, huleta kambale na perege, huleta bata wa mwituni kwa makundi. Hayo hayo huozesha miimo ya milango, huvimbisha mbao na kula chuma. Kwa hiyo mtu anayenunua bunduki mpya katika mji huo hununua pamoja nayo ugomvi na maji, na ugomvi huo hauna siku ya mapumziko.

Mmoja wa watu hao ni mstaafu wa reli. Jina lake halina haja ya kutajwa; mjini wengi humwita mnyapara, kwa sababu ya cheo alichokuwa nacho katika genge la kutengeneza njia, na jina hilo linatosha hapa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, huenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Katika urefu wote huo hakuna kipande kilichowatoa jasho wajenzi kama kile kinachoanzia Mlimba na kupanda hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja yanayofuatana kama shanga. Kila masika udongo wa vilima hivyo huteleza. Kazi ya mnyapara kwa miaka mingi ilikuwa kutembea juu ya mataruma akiwa na nyundo mkononi, akigonga na kusikiliza, akitafuta nati iliyolegea na reli iliyoanza kuliwa upande wa chini ambako jicho halifiki. Alijifunza huko jambo ambalo baadaye alihamia nalo kwenye bunduki: kwamba chuma hakichoki kwa kazi kama kinavyochoka kwa kusahauliwa.

Alipostaafu alirudi kwenye mpunga, na alipotaka bunduki alikuwa na sababu mbili, wala hakuificha hata moja. Ya kwanza ni nguruwe mwitu, ambao kwa usiku mmoja huweza kulifanya shamba la familia nzima kuwa kama uwanja uliochezewa ngoma. Ya pili ni furaha. Baba yake, Mndamba wa kandokando ya mto, alikuwa na gobori moja kuukuu, na alfajiri za kiangazi akimchukua mwanawe kuwatafuta kanga na kwale kwenye mabua yaliyokwisha vunwa. Gobori hilo lilikabidhiwa polisi zamani, likiwa limekwisha kufa mdomo. Lakini mtoto hakusahau harufu ya baruti iliyochanganyika na umande, wala hakusahau kwamba baba yake alikuwa akirudi nyumbani na kanga mmoja, aghalabu hana kitu, na bado akionekana mtu aliyetoka kupata.

Kiswahili chenyewe ni ghala la silaha zilizokwisha kuota kutu. Yapo humo majina ambayo vijana wa leo huyakuta katika kamusi tu: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, bunduki ya fataki, korofindo na gobori, zilizoshindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, na mwisho bunduki ya viasi, iliyofunguka nyuma na kupokea risasi iliyokwisha kufungwa. Nyingi ya silaha hizo zilishukia Unguja kwanza. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000. Miaka miwili baadaye, katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba Mwafrika asiuziwe tena bunduki za kisasa. Akabakishiwa zile za gumegume zisizo na mistari ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida. Ndiyo maana, wakati majeshi ya wakoloni yakibeba bunduki za mizinga, mwindaji wa bara aliendelea kushindilia mdomoni kama alivyoshindilia babu yake.

Tofauti hiyo ilipimwa kwa damu katika bonde hilo hilo. Mwaka 1905 habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilipanda kutoka Umatumbi hadi kwa Wapogoro na Wambunga: kwamba anayeyanywa au kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi humgeukia maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, lakini habari ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa mtu mmoja. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, na bunduki mbili za rashasha zikawapokea. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi, uliotolewa kitabuni mwaka 1957, na wapenzi wa tungo wanaujua. Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa mapori na wanyama wakarudi palipokuwa na vijiji. Mzee wa Kilombero anaposema neno maji na neno risasi katika sentensi moja, huenda hafikirii habari hizo hata kidogo. Lakini ardhi anayosimama inazikumbuka.

Mnyapara alikuwa na shauri jingine na maji. Kabla ya kuchagua bunduki ilimpasa kwanza aombe ruhusa ya kuwa nayo, na njia ya ruhusa ni ndefu, nayo ni haki iwe ndefu. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimwangalii mwombaji peke yake. Humtazama pia kwa macho ya majirani zake. Barua huanzia serikali ya kijiji, hupanda kata, hufika polisi wilayani na kwenye kamati ya ulinzi na usalama, na kila ofisi huuliza swali lake: huyu ni mtu wa namna gani, ana ugomvi na nani, ataiweka wapi? Wengine huona njia hiyo ni usumbufu. Yeye aliiona kama mtihani wa kwanza wa kuchagua, kwa maana mtu asiyeweza kungojea karatasi hataweza kungojea kwale ajitenge na kundi la watoto wanaopita.

Mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hulima naye, alikuwa na chaguo lake tayari. Alitaka bunduki ya kasiba moja yenye kumeza risasi tano. "Mjomba, tano ni nyingi kuliko mbili," alisema, na hesabu yake haikuwa na kosa. Mjomba alimjibu kwamba bunduki ya kasiba mbili, mtu akiifungua, kila aliye karibu huona kwa macho yake kama ina kitu au haina. Ile ya tano huficha habari zake tumboni. Katika nyumba yenye wajukuu, na katika mtumbwi wenye watu watatu, hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kufikiriwa. Hoja ya pili ilikuwa ya udongo: vitu vichache vinavyotembea ndani ya bunduki ni vitu vichache vya kushika kutu.

Likaja suala la ukubwa. Namba ya bunduki ya marisau hutokana na hesabu ya kale: chukua ratili moja ya risasi, ile madini yenyewe, uigawe tufe kumi na mbili zilizo sawa, kasiba inayopitisha tufe moja kati ya hizo huitwa namba 12, na upana wake ni milimita 18.5. Ukiigawa ishirini, tufe huwa dogo, na kasiba ya namba 20 huwa na milimita 15.6. Kwa hiyo namba ikikua, tundu hupungua, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi. Namba 20 ni nyepesi na humfaa mtu mwembamba. Lakini katika maduka ya bara risasi za namba 12 hupatikana kwa urahisi zaidi, na bunduki isiyo na risasi ni fimbo ghali. Akachagua 12. Akaapa pia kwamba risasi ya namba 20 haitaingia nyumbani kwake hata kwa bahati mbaya, kwa sababu ikitumbukizwa katika kasiba ya 12 huteleza mbele na kukwama bila kuonekana. Mwenye bunduki akidhani hana kitu akatia nyingine nyuma yake, kasiba hupasuka penye mkono wa kushoto. Ni kwa khofu hiyo watengenezaji wengi huzitia risasi za namba 20 rangi ya manjano.

Alionyeshwa bunduki mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu na nzuri mno, kasiba zake mbili zimelala ubavu kwa ubavu, na juu ya chuma yamechorwa mawimbi kama ya maji yanayotetemeka mchana. Kasiba za namna hiyo zilifumwa zamani kwa kusokota nyuzi za chuma na pua pamoja, na uzuri wake umewaponza wengi, kwani zilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani iliyo pole, na nyingi haziwezi kustahimili msukumo wa risasi za leo. Mnyapara aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akairudisha. Ya pili ilikuwa mpya, kasiba moja juu ya nyingine, haina nakshi yoyote, kitako chake cha mti wa jozi kimepakwa rangi ya haraka kiwandani.

Hapo ndipo alipoanza kazi aliyoizoea. Alizitoa kasiba, akazining'iniza kwa kidole kimoja na kuzigonga polepole kwa ukucha: zilizoungwa vyema hulia kama kengele, zilizolegea hutoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Akazielekeza dirishani na kuchungulia ndani. Katika kasiba iliyonyooka duara za mwanga hufuatana bila kukatika, na penye kibonyeo kivuli hujikunja. Akatafuta mihuri ya majaribio, ile inayogongwa na nyumba za kupima silaha katika miji ya watengenezaji, kama vile London, Birmingham, Liège na Gardone, kuthibitisha kwamba kasiba imekwisha kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko wa kawaida na haikupasuka. Akasoma urefu wa chemba, maana risasi ya milimita 76 haifai katika chemba ya milimita 70 hata kama inaingia. Akaifunga, akaitikisa bila kigae chake cha mbele, akisikiliza bawaba. Muuzaji alidhani mteja ana shaka naye. Mteja alikuwa akisalimiana na bunduki.

Baada ya chuma ukafuata mwili. Bunduki ya marisau hailengwi kama bunduki ya risasi moja; huoneshwa kama kidole, na kidole kikiwa si cha mkono wako hukupeleka pengine. Kitako kirefu kupita kiasi hunasa kwenye kwapa. Kifupi humpiga mwenyewe shavuni. Mnyapara alifumba macho, akaipandisha begani, akafumbua: jicho lake la kulia likawa limelala sawasawa juu ya utepe wa kasiba, halioni chuma kingi wala halikupotea nyuma ya kifyatuo. Akarudia mara kumi. Uzito nao aliupima kwa kanuni ya Greener, fundi wa Birmingham wa karne ya kumi na tisa, kwamba bunduki iwe na uzito wa mara tisini na sita ya marisau inayotupa. Kwa mzigo wa gramu 32 hesabu hiyo huleta kilo tatu na kidogo, na ndivyo mizani ilivyosema. Iliyo nyepesi zaidi hupendeza dukani na kuumiza bega shambani.

Mwisho akauliza habari za mbano wa mdomo, ambao mafundi huuita choki. Kwa mwendo wa mita 36 hivi, ndani ya duara ya sentimita 76, kasiba iliyo wazi huweka kama asilimia 40 ya marisau yake, yenye nusu choki asilimia 60, na yenye choki kamili asilimia 70. Muuzaji alisifu choki kamili kwa kuwa hufika mbali. Mnyapara alifikiria kanga wa Mlimba, wanaoruka kutoka miguuni mwa mtu kwenye mabua, akachukua kasiba moja ya wazi na nyingine ya nusu. Mbali hakukuwa na kitu alichokitaka. Ndege aliye mbali zaidi ya hapo, alisema, ni wa mwenyezi wake, si wa mtu mwenye bunduki.

Kuchagua kulichukua siku mbili. Kutunza kumechukua kila siku iliyofuata. Bunduki ikitoka shambani Mlimba hailazwi na jasho lake, kwa sababu chumvi ya kiganja huacha alama ya vidole kwenye chuma, na baada ya siku mbili alama hiyo huwa nyekundu. Kwanza hufunguliwa na kutazamwa kwamba haina kitu, naye hufanya hivyo hata kama alikwisha kufanya mlangoni. Kisha mdeki hupita ukiwa na brashi ya shaba kusugua masalio ya risasi karibu na chemba, hufuata kitambaa kikavu, hufuata kingine, na mwisho kitambaa chenye mafuta kiasi cha kung'aza tu. Mafuta mengi ni adui mwingine: huteremka polepole, huingia katika mti wa kitako na kuulainisha mpaka ushike kama sabuni. Kwa ajili hiyo huiweka usiku wa kwanza mdomo ukitazama chini juu ya gazeti. Kile kitako cha rangi ya haraka alikikwangua mwenyewe na kukilisha mafuta ya kitani, tone kwa tone, kwa kiganja, muda wa wiki sita, mpaka mti wa jozi ukatoa rangi yake.

Mfuko wa ngozi aliopewa kama zawadi hautumii ila safarini. Ngozi na kitambaa hunywa unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya chuma, na bunduki nyingi za bondeni zimefia ndani ya mifuko mizuri. Hukaa katika kabati la chuma lililofungwa ukutani, na risasi zake zimefungiwa pengine, ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na paa la bati linalochoma. Kabla ya kupiga shabaha yoyote baada ya kuvuka tope au kuanguka, huifungua na kuchungulia kasiba dhidi ya mbingu. Donge la matope lisilozidi ukubwa wa kunde latosha kuipasua. Na kila penye mfereji, daraja la gogo au mtumbwi, bunduki huvuka ikiwa imefunguka na haina kitu. Mwenyewe huvuka nyuma yake.

Haya yote yangekuwa habari za fundi na chombo chake, lau si usiku mmoja wa mwezi wa Mei. Mpunga ulikuwa umeiva. Mnyapara na mpwa wake walikuwa juu ya dungu wakilinda, na bunduki imelala kati yao kwa sababu kijana alisisitiza ichukuliwe. Kiasi cha saa nane maji yalisikika yakipasuliwa na miguu upande wa mto, mabua yakavunjika, kukakoroma kitu. Kijana alinong'ona, "Mjomba, ndio wao." Sauti ilisogea. Mpunga wa mwaka mzima ulikuwa ukikatika gizani, na kila aliyewahi kulima anajua sauti hiyo huingia wapi. "Mjomba, piga basi! Hata kwa kukisia." Mzee hakuinyanyua. Alipiga debe, akapaza sauti, akawasha tochi iliyoonyesha ukungu na nyasi tu; na vilivyokuwa vikitembea vikaondoka.

Asubuhi walihesabu hasara, nayo haikuwa ndogo. Katika tope palikuwa na kwato za nguruwe, nyingi, zimevurugana. Palikuwa pia, hatua kumi hivi kutoka hapo, na nyayo za mtu aliyepita peku akielekea mtoni, pengine kutazama nyavu zake, na maji yalikuwa bado hayajazifuta. Hakuna aliyejua nyayo hizo ni za saa ngapi. Kijana aliinama akazitazama muda, akatia wayo wake ndani ya mmoja wao, ukaenea. Tangu asubuhi hiyo hakutaja tena bunduki ya risasi tano.

Sheria inakataza kuwinda usiku na kuwinda kwa kumulika, na mtu anayeulinda mpunga wake huweza kuona sheria hiyo iliandikwa na wasiolala dunguni. Lakini ukweli wa marisau ni kwamba hayaulizi. Yakitoka yanatawanyika, na kila chembe huenda ilikoelekezwa na mtu aliyedhani. Wandamba wa zamani walilijua hilo kwa njia yao. Mwaka 1926 afisa mmoja Mwingereza, A. G. O. Hodgson, alichapisha maelezo ya desturi za uwindaji za Wandamba wa bonde la Ulanga, na humo mwindaji anaonekana kuwa mtu aliyefungwa na dawa na miiko tangu kabla hajatoka nyumbani. Silaha peke yake haikumfanya mtu mwindaji. Ilimbidi aingizwe, afundwe, akatazwe. Dawa zimepungua nguvu machoni mwa watu. Makatazo ndiyo yaliyobaki na kazi.

Nayo yanahitajika kuliko zamani. Bonde la Kilombero liliwekwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani, hekta 796,735, na moja ya sababu ni sheshe, swala mwekundu wa kando ya maji ambaye sehemu kubwa ya kizazi chake chote duniani ilikuwa ikiishi hapo. Sheshe hao wamepungua sana tangu miaka ya tisini, kwa mashamba, kwa mifugo, kwa mitego na kwa bunduki. Mwaka 2023 eneo lililokuwa pori tengefu tangu wakati wa ukoloni lilipandishwa kuwa Pori la Akiba. Mnyapara huwinda ndege wa kibali chake, nje ya mpaka huo, na nguruwe mchana anapomwona wazi. Sheshe hampigi, hata kama ameingia mpungani. Kiboko na nyati huwaachia askari wa wanyamapori, kwa kuwa marisau huwajeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa huwa ni jaza ya mtu mwingine, yule atakayepita kesho kuchota maji.

Msomaji wa visiwani hatayaona haya kuwa ya mbali. Unguja na Pemba wako wasasi wanaotoka kwa makundi na mbwa wao kuwasaka nguruwe waharibifu, na wanaheshimiwa kwa hilo; na Unguja hiyo hiyo yuko paa nunga, aliyepungua hadi kuhesabika kwa sababu msako hauna daima macho ya kubagua. Kisiwa au bonde, mwenye silaha hupimwa kwa kile alichokiona vyema na akakiacha.

Bunduki hairithiwi kama shamba. Mwenye leseni akifa silaha hurudi mikononi mwa polisi, na anayeitaka, hata akiwa mwana wa tumbo, huanza upya: kijiji, kata, wilaya, maswali. Mnyapara amekwisha kuvuka miaka sabini na huliwaza jambo hilo anaposugua bawaba. Mpwa wake hukaa naye jioni hizo, akimshikia taa, kwa kuwa kwa sheria kuibeba si haki yake. Mwaka jana, katikati ya masika, kijana ndiye aliyeona kwanza doa jekundu lisilozidi punje ya ulezi chini ya kifyatuo, mahali ambapo macho ya mzee hayafiki tena. Mwaka huu ameandika barua yake ya kwanza kwa serikali ya kijiji, akamwomba mjomba amdhamini kwa maneno mawili matatu ya tabia njema.

Barua iko mezani, chini ya kopo la mafuta ya kitani. Mzee hajaandika bado. Hakukataa, wala hana neno baya la kusema. Amemwambia tu kwamba angependa wamalize kwanza msimu mmoja zaidi wa kulinda dunguni, wao wawili, bila ya kuchukua bunduki. Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Haya, mjomba," akaenda kutafuta debe.